Kuvuka au Kuzunguka: Adabu ya Msafiri Kivukoni



Sisi tukaao Tunduma hatuhitaji kufundishwa foleni ni kitu gani. Mji wetu umekaa mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia kwetu kabla ya kuingia nchi ya jirani. Siku nyingi mtu aamkapo alfajiri kwenda msikitini huyakuta malori yamepangana kando ya njia, madereva wengine wamelala ndani, wengine wanachemsha chai, wote wakingoja zamu. Hata baada ya kufunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2019, foleni haijawa kitu kigeni kwetu. Na foleni, ndugu zetu, ni kioo. Mtu akikaa humo saa nne au tano, tabia yake ya kweli hujitokeza, iwe njema au mbaya.

Lakini foleni iliyotufundisha sisi haikuwa ya Tunduma. Ilikuwa kando ya maji, mbali na Mkoa wetu wa Songwe, kwenye Ghuba ya Mwanza. Twaona ni haki kuisimulia hapa, ingawa ndani yake mna aibu yetu wenyewe, kwani mwalimu anayewaficha wanafunzi makosa yake huwanyima nusu ya somo.

Kwanza tuieleze njia yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajafika huko. Ziwa Viktoria limeingiza mkono mrefu ndani ya nchi kavu kuelekea kusini, na mkono huo ndio Ghuba ya Mwanza. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki. Sengerema, na Geita mbele yake, ziko upande wa magharibi. Mtu akisimama Kigongo, katika wilaya ya Misungwi, huiona Busisi ya wilaya ya Sengerema kwa macho yake, na maji yaliyo katikati ni kama kilomita tatu tu. Lakini aliyetaka kuyakwepa maji hayo kwa barabara kuu ilimpasa ashuke kusini hadi Shinyanga, ashike njia ya Kahama, apande tena kaskazini hadi Geita, ndipo arudi mashariki mpaka Sengerema. Ni mamia ya kilomita kuzikwepa kilomita tatu! Ndiyo maana kwa miaka mingi magari ya abiria na malori yaendayo Geita, Kagera na nchi za jirani yalipanga foleni Kigongo kungoja kivuko. Kuvuka kwenyewe kulikuwa ni kwa muda wa nusu saa hivi. Kungoja ndiko kulikokula siku.

Mwaka 2017 tulitoka Tunduma pamoja na mke wetu na mtoto wetu wa kiume, wakati huo akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kwenda kumjulia hali mama yetu mdogo aliyekuwa mgonjwa Sengerema. Mama huyo ndiye aliyetulea baada ya mama mzazi kufariki, nasi hatukuwa tumemwona kwa miaka sita. Tulipita Mbeya, Iringa, Dodoma na Singida, tukafika Mwanza usiku wa siku ya pili tumechoka sana, tukalala kwa mpwa wetu mwenye gari, kwa nia ya kuvuka asubuhi. Kabla ya adhana ya alfajiri simu ikalia. Mama yetu mdogo amefariki usiku ule, na maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulifika Kigongo yapata saa nne ya asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, na jua limekwisha kuwa kali. Tulipohesabu magari yaliyo mbele yetu, na kutazama kivuko kinavyokwenda na kurudi, tuliona wazi kwamba huenda adhuhuri ikatukuta tungali upande ule ule. Moyo wa mwanadamu, ndugu msomaji, ukishikwa na haraka huanza kutafuta mlango wa nyuma.

Mpwa wetu ndiye aliyeutamka mlango huo. Alisema, "Mjomba, hapa wenye wagonjwa hupishwa. Shangazi alale kiti cha nyuma, ajifunike khanga, nasi tuseme tuna mgonjwa anakimbizwa hospitali. Hakuna atakayefunua."

Sisi tulinyamaza. Na kunyamaza kwetu, twakiri mbele ya Mwenyezi Mungu, kulikuwa ni kukubali. Tulikuwa tukijiambia moyoni kwamba hili si jambo la dunia, ni jambo la maziko, ni haki ya mzazi, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Juma lile lile kabla ya safari tulikuwa tumewasomesha watoto wa madrasa alama za mnafiki, na ya kwanza ni uwongo katika maneno. Somo hilo tulikuwa tumeliacha Tunduma.

Mke wetu hakulala. Alikaa wima akasema kwa upole, "Maalim, akija nyuma yetu mwenye mgonjwa wa kweli, na nafasi yake tumeikalia sisi, tutamwambia nini? Na marehemu mtu wa kweli maisha yake yote, twende kumzika kwa uwongo?"

Hatukupata jibu. Mtoto wetu alikuwa akitutazama uso kwa uso, kama mwanafunzi amtazamavyo mwalimu aliyeulizwa swali gumu mbele ya darasa. Tukasema, "Amesema kweli. Tungoje zamu yetu."

Mpwa wetu, kijana mwema mwenye kutaka kutusaidia, akauliza tena, "Basi tuzunguke kwa nchi kavu?" Tukamweleza kwamba kuzunguka kungetufikisha usiku, wala hakuna faida. Hapo akauliza swali la kielimu, nasi tukafurahi kwa kuwa elimu huupoza moyo: je, mtu mwenye njia mbili, fupi ya majini na ndefu ya nchi kavu, akifuata ile ndefu, yuaruhusiwa kupunguza swala?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamelieleza jambo hili zamani sana, kabla ya kuwako gari wala kivuko cha mashine. Mji ukiwa na njia mbili, moja yafikia masafa ya kupunguza swala, ambayo hukadiriwa kuwa kilomita themanini na kitu, na nyingine haifikii, basi aliyefuata njia ndefu kwa sababu ya maana, kama vile kutafuta usalama, au wepesi wa njia, au kumzuru mtu, huyo hupunguza swala zake. Ama aliyeifuata njia ndefu kwa kusudi la kupunguza swala tu, asipunguze, kwa kauli iliyo na nguvu. Tazameni, ndugu zetu, hekima iliyo katika mas'ala haya madogo! Sheria imemhesabia mwenye kuzunguka kwa kutafuta usalama kuwa ana sababu ya haki. Hakuitwa mwoga, wala hakuambiwa amepoteza wakati. Kinachoulizwa ni nia yake.

Ama sisi tuliotoka Tunduma tulikuwa wasafiri kwa vyovyote, tukakusanya adhuhuri na alasiri kwa kupunguza. Na mpwa wetu, mkazi wa Mwanza, aliyekuwa akienda Sengerema kwa njia fupi, aliswali adhuhuri yake rakaa nne. Tuliswali pale pale nchi kavu kando ya foleni, kwani kivuko hugeuka majini na kibla hugeuka pamoja nacho, na mwenye nafasi ya kuswali ametulia ardhini asijitie katika tabu.

Hatimaye zamu yetu ikakaribia. Magari yaliingia moja moja, na watu wa miguu kwa upande wao. Gari lililokuwa mbele yetu likaingia. Sisi tukawasha injini. Na hapo mtumishi wa kivuko akainua mkono akatuzuia. Chombo kimejaa. Kwa macho yetu tuliona nafasi, tungeweza kuapa kwamba gari letu lingeenea. Watu nyuma yetu wakapiga honi, wengine wakashuka wakapiga kelele, "Bado kuna nafasi! Tuongeze hilo moja!" Nasi, twakiri tena, tulipaza sauti pamoja nao. Tulimwambia mtumishi yule kwamba tunakwenda mazikoni, kwamba hana huruma, kwamba gari moja halina uzito wa kuzamisha kivuko. Hakutujibu neno baya. Alisema tu, "Mzee, zamu ijayo ni yenu," mkono wake ungali juu, na kivuko kikaondoka.

Tulivuka baada ya saa nane. Tulipofika Sengerema watu walikuwa wamekwisha kurudi makaburini. Mke wetu akaingia msibani kwa wanawake, na sisi tukapelekwa kaburini, udongo ungali mbichi. Tulilia. Kisha tukakumbuka khabari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya yule aliyekuwa akifagia msikiti, akafariki usiku na masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume. Alipojua, alitaka aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo hapo. Basi nasi tukasimama, mpwa wetu na mtoto wetu nyuma yetu, tukamswalia mama yetu mdogo kaburini. Dini yetu ilikuwa imetuwekea mlango wa wazi kwa aliyechelewa, ilhali sisi tulikuwa tukiutafuta mlango wa nyuma.

Hata hivyo, twasema kweli, tulirudi Tunduma na kinyongo juu ya mkono ule ulioinuliwa. Kila tulipoukumbuka msiba tuliukumbuka na mkono ule.

Ukapita mwaka mmoja na kitu. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wengi pamoja na mizigo yao. Chombo hicho kilikuwa na idhini ya kuchukua abiria 101. Kilipinduka karibu kabisa na kufika, watu wa nchi kavu wakikiona kwa macho. Waliokufa walizidi 220. Someni tena hesabu hizo mbili, wazazi na vijana: walioruhusiwa ni 101, na waliokufa peke yao, bila kuwahesabu waliookolewa, ni zaidi ya mara mbili yao. Na watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa hawajasahau MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imechukua watu kupita kiasi chake, wakafa mamia ya watu.

Usiku ule tuliposikia habari za Ukara hatukulala. Tuliuona ule mkono wa Kigongo upya. Mkono tuliouita hauna huruma ulikuwa ndio huruma yenyewe. Sisi tuliokuwa tukisema "gari moja tu halizamishi" tulikuwa tumesahau kwamba kila aliyekizidisha chombo chochote duniani alisema maneno hayo hayo: mimi ni mmoja tu. Hakuna chombo kilichozidiwa na watu mia kwa pamoja. Huzidiwa na mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja. Na chombo kilichozidiwa huelea chini, hukosa uthabiti, na watu wakisogea upande mmoja kwa haraka ya kushuka, uzito huhama pamoja nao, nacho hulala upande huo kisiinuke tena.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano huu kabla ya karne kumi na nne. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, amewataja watu waliopiga kura ndani ya jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipohitaji maji waliwapitia wa juu, wakaona wanawaudhi, basi wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wakiachwa wafanye watakalo wataangamia wote. Na wakizuiwa mikono wataokoka wote. Zingatieni kwamba nia ya wale wa chini haikuwa mbaya. Walitaka maji tu, tena hawakutaka kuwaudhi wenzao. Vivyo hivyo nia yetu sisi ilikuwa maziko. Lakini nia njema haizibi tundu.

Basi twatoa nasaha zifuatazo kwa nyumba za Waislamu, kwa kila aendaye kuvuka maji.

Jambo la kwanza ni kutoka mapema na kwa wasaa, kwani haraka haraka haina baraka, na mwongo wa foleni huzaliwa na haraka. Anayejua kwamba njiani kuna kivuko ahesabu saa za kungoja kuwa ni sehemu ya safari.

Jambo la pili ni kusema kweli katika zamu. Nafasi ya mgonjwa, ya mama mjamzito na ya mzee ni amana mikononi mwa wasafiri wote. Mwenye kuichukua kwa hila hakumdanganya mtumishi wa kivuko peke yake; amemnyang'anya mtu asiyemjua, ambaye huenda roho yake iko katika dakika zile.

Jambo la tatu ni kufunga ngamia kisha kutegemea, kama alivyoelekeza Mtume. Dua ya kupanda chombo, iliyo katika Suratu Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, yatukumbusha kwamba si nguvu zetu zilizotutiishia chombo, na kwamba kwa Mola ndiko marejeo. Tuisome, na tuwafundishe watoto. Lakini dua haimwondolei mtu wajibu wa kutazama maboya ya kujiokolea yako wapi, kumshika mtoto mkono, na kushuka garini wakati wa kuvuka. Mwezi wa Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni huko Mombasa, gari liliteleza kutoka kivukoni likatumbukia baharini, na mama na binti yake wakafa ndani yake; zilipita siku kumi na zaidi ndipo gari likatolewa chini. Mwenyezi Mungu awarehemu. Dereva avute breki ya mkono, azime injini, na abiria washuke, hata kama mvua yanyesha.

Jambo la nne ni kukubali kurudi. Chombo kikijaa, toka. Ukikiona kimezidi nawe umo ndani, shuka kabla hakijaondoka, na wala usione haya kwa vicheko vya watu. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu. Na kama njia ya kuzunguka ipo, nawe waona ya majini haina usalama siku hiyo, zunguka. Na mwenye kuzunguka kwa kutafuta usalama tumekwisha kuona heshima aliyopewa na sheria.

Kigongo ya leo si ile tuliyoijua. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua daraja la kuunganisha Kigongo na Busisi, lililopewa jina la Rais wa Awamu ya Tano, John Pombe Magufuli, ambaye ndiye aliyeweka jiwe la msingi mwezi wa Desemba 2019. Urefu wake ni kama kilomita 3, na gharama yake yapita shilingi bilioni 700. Pale tulipokaa kuanzia saa nne hadi saa nane, gari sasa hupita kwa dakika chache. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Lakini tusidhani ya kuwa darasa limefungwa. Watu wa Ukerewe, watu wa Ukara, watu wa Kigamboni na ndugu zetu wa Likoni wangali wakivuka kwa vyombo. Na hapa kwetu Tunduma malori yangali yakingoja zamu. Palipo na watu wengi na njia nyembamba, hapo ndipo dini ya mtu huulizwa.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2025 tulikwenda kulizuru kaburi la mama yetu mdogo, nasi tukapita juu ya daraja. Mtoto wetu, ambaye sasa ni kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa akituonyesha kila kitu. Tulidhani atastaajabia nguzo na upana wa barabara. Tulipofika katikati alitazama chini, upande wa Kigongo ambako magari yalikuwa yakipanga foleni, akasema, "Baba, pale ndipo Mama alipokataa kulala."

Miaka minane ilikuwa imepita. Khutuba zetu nyingi za wakati ule amekwisha kuzisahau. Lile neno la mama yake garini hakulisahau. Basi, enyi wazazi, jueni kwamba watoto wetu wako katika kiti cha nyuma nao wanatutazama tunavyovuka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama katika maji yetu yote, awape subira jamaa zao, na atujaalie sisi kuwa wakweli katika safari na katika makazi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.